CHOMBO CHA WASASI: TUNANUNUA MACHO AU TUNANUNUA MADAHA?



Wiki iliyopita, ukuta huu huu, pembeni ya bei ya ufuta, kamati ya ulinzi wa mashamba ilibandika karatasi yake. Nimeisoma mara tatu. Inasema kwamba kwa kuwa GPS yetu ya zamani imekufa, ushirika utoe fedha katika mfuko wa ushuru inunuliwe nyingine, na hiyo nyingine iwe ile ya kioo cha inchi tano, ya kupapasa kwa kidole, yenye picha za rangi. Sababu iliyotolewa ni moja. Wameandika: "Ni ya kisasa."

Basi, hivyo tu. Hakuna aliyeandika inatumia betri ya namna gani. Hakuna aliyeandika nani ataishika, na nani atamfundisha huyo atakayeishika. Wala hakuna aliyesema wasasi waliulizwa. Nimewauliza mimi, wote watano, pamoja na askari wetu wawili wa wanyamapori wa kijiji walio miongoni mwao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa. Sasa nauliza hadharani: chombo hiki ni cha wasasi, au ni cha wanakamati kwenda nacho wilayani wakakiweke juu ya meza pembeni ya soda?

Mimi napinga. Napinga kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mwenye hoja aje aandike chini yangu, nafasi nimemwachia.

Kwanza tukumbushane chombo ni cha kazi gani, maana naona wengine mmesahau. Nguruwe pori hatuli sisi wengi wetu, lakini yeye anatula. Anakuja usiku, anafukua mihogo, anaangusha mahindi, na alfajiri yuko porini. Akina mama wanalala kwenye vibanda vya dungu wakipiga madebe hadi sauti zinakauka. Wasasi hutoka kwa kibali, wanafuata nyayo kutoka shambani, na nyayo karibu zote zinaelekea kaskazini. Na kaskazini kuna nini? Kuna mpaka wa pori la akiba. Nguruwe hana habari na mpaka. Msasi analazimika kuwa na habari nao, kwa sababu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inasema huingii pori la akiba bila ruhusa ya maandishi. Hiyo ndiyo kazi ya GPS yetu. Haitafuti nguruwe. Inamwambia msasi: simama, hapa ndipo mwisho wako.

Sasa nieleze ya mwaka jana mwezi wa Mei, ingawa najua wako watakaonuna.

Jioni ile wasasi watatu walimjeruhi dume kubwa kwenye shamba la mjane mmoja kule ng'ambo ya kijito. Wakamfuata. Mwenye GPS akaitazama, akasema bado mita 180 kufika mpakani, twende. Wakaenda. Nguruwe walimkuta kalala kichakani, na kabla hawajafanya lolote wakasikia "mikono juu!" Askari wa pori walikuwa wamewazunguka. Vijana wetu wakatoa GPS yao kwa furaha kabisa, wakasema wakubwa tazameni wenyewe, tupo nje. Askari mmoja akatoa ya kwake. Ya kwake ilisema wapo ndani, mita 120.

Mashine mbili, mahali pamoja, maneno mawili. Nani ataaminiwa? Mnajua wenyewe.

Wakalala mahabusu siku mbili. Bunduki ikashikiliwa miezi minne. Kwa miezi hiyo minne nguruwe walitembea mashambani kama wamealikwa harusini. Yule mjane alivuna gunia moja pale alipozoea kuvuna saba. Na faini tulilipa kwa fedha ya ufuta, wenyewe mlichanga.

Kijiji kizima kikasema: mashine mbovu. Kamati ikasema: mashine mbovu. Na mimi nikasema hivyo hivyo, sijifichi. Wote tulikosea. Mashine haikuwa na ubovu wowote.

Nililijua hilo baadaye, alipokuja mpima ardhi mmoja kukagua bikoni za kijiji. Nikampa chakula, nikamweka kivulini, nikamwuliza. Alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo limetugharimu mavuno ya msimu. Naomba mlisome polepole, na asiyesoma asomewe.

Ramani za karatasi tulizonazo ofisini, zile za skeli 1:50,000, zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Huo ni msingi wa zamani wa Afrika Mashariki. GPS inapotoka dukani imewekwa msingi mwingine, unaotumika dunia nzima, unaitwa WGS 84. Wapimaji huuita msingi huo datamu. Ni kama watu wawili wanaopima shamba moja kwa hatua, mmoja kaanzia kwenye mbuyu na mwingine kaanzia kwenye kisima. Wote wanahesabu sawasawa, lakini hatua ya mia ya huyu siyo hatua ya mia ya yule. Huku kwetu tofauti ya misingi hiyo miwili ni kama mita 300, na sehemu yake kubwa ni ya kaskazini na kusini. Viwanja vitatu vya mpira!

Aliyekuwa na GPS yetu alichukua namba za mpaka kwenye ramani ya karatasi, namba za Arc 1960, akaziingiza kwenye mashine iliyokaa kwenye WGS 84. Mashine ikazipokea, maana mashine haina kazi ya kukuuliza namba umezitoa wapi. Ikauchora mpaka mita 300 kaskazini ya mpaka wa kweli. Sasa fanyeni hesabu nyie wenyewe: mashine inasema bado mita 180, toa 300, upo ndani mita 120. Ndiyo ile ile namba ya askari. Tulikamatwa kwa sababu ya mstari mmoja wa mipangilio ambao hakuna aliyeusoma. Arc 1960 imo mle mle ndani ya mashine, kwenye orodha, unaichagua kwa kubonyeza kabla hujaingiza namba za ramani. Ukimaliza unairudisha kwenye WGS 84, na mashine inazigeuza yenyewe.

Sasa ndugu zangu wa kamati, kioo cha inchi tano kingetusaidia nini siku ile? Kingetuonyesha kosa lile lile kwa rangi nzuri.

Na hata hiyo GPS tunayosema imekufa, ilikufaje? Msiseme uzee. Ilifungiwa sandukuni masika yote ikiwa na betri ndani. Betri zikavuja, zikala shaba zote za ndani kama mchwa. Iliua betri ya bei ya sabuni. Na kwa nini ilifungiwa sandukuni? Kwa sababu bwana mmoja aliigeuza kuwa mali yake. Anaweka chini ya mto. Ukitaka kuiona mpaka ubembeleze. Ukimwuliza inavyofanya kazi, anajibu "haya ni mambo ya kitaalamu." Utaalamu gani huo wa kuweka mpaka mita 300 mahali siposipo? Jina simtaji, lakini anajua kusoma, na hapa atasoma.

Nyie mnanijua. Mimi niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka 31, nakaa dawati moja na watoto wa rika la mwanangu, jioni, kwa taa ya kandili. Kabla ya hapo nilikuwa natia dole gumba. Kwenye mizani ya korosho karani anaandika, mimi natia dole. Msimu wa kwanza niliojua kusoma namba nikatazama ile karatasi nikaona kilo zilizoandikwa siyo kilo zilizopimwa. Sikugombana. Nilisema tu, "Ndugu, hapa rudia." Akarudia. Miaka yote ya nyuma nani alirudia? Sasa mkisikia napiga kelele kuhusu namba za GPS, mjue ni dole gumba lile lile naliona linarudi. Watu watano wanamfuata mtu mmoja porini kwa sababu yeye pekee ndiye anayetazama kioo, na yeye mwenyewe hajui anachokitazama.

Turudi kwenye uchaguzi wa chombo.

GPS zote, ya bei ndogo na ya bei kubwa, zinasikiliza setilaiti zile zile. Za Wamarekani ni zisizopungua 24, zipo juu kilomita 20,200 hivi, na mashine ikizipata nne inakwambia ulipo na urefu wako kutoka usawa wa bahari. Hulipi kitu, wala huhitaji mnara wa simu. Zamani wenyewe walikuwa wanaziharibu makusudi mawimbi yake ili raia akosee hadi mita 100, lakini mwezi wa Mei mwaka 2000 waliacha. Tangu hapo hata ile ndogo kabisa, ukiwa mahali pa wazi, inakukosea mita chache tu, tatu, tano, kumi. Chini ya miti yenye majani mengi inakosea zaidi, na hapo ni kweli zipo zenye antena bora, sikatai. Lakini kwa kazi yetu ya kusimama kabla ya mpaka, mita kumi siyo ugomvi. Sisi tutajiwekea nafasi ya mita 200 huku kwetu, na yeyote atakayeivuka atanieleza.

Basi tofauti ya bei inatoka wapi? Inatoka kwenye kioo, ramani za rangi, kamera, na mengine ambayo nguruwe hayamsumbui. Kioo cha kupapasa kikiwa na jasho au umande kinakwenda kinakotaka chenyewe. Msasi mkono mmoja una bunduki, mwingine una tope. Anahitaji kitufe anachokisikia kwa kidole gumba bila kutazama.

Na betri. Hapa ndipo kamati ilipaswa kuanzia, na ndipo isipogusa. Mashine ndogo za vitufe, kwa mfano eTrex 22x iliyotoka mwaka 2019, zinatumia betri mbili za AA, zile ndogo za saa ya ukutani. Watengenezaji wanasema saa 25 kwa betri hizo mbili. Zikiisha porini saa nane usiku, unatoa mbili mfukoni, unaendelea. Ipo na nyingine ya jamii hiyo hiyo, eTrex SE ya mwaka 2023, kioo chake hakina rangi lakini kinasomeka juani vizuri, nayo inasemwa inakwenda hadi saa 168 kwa AA mbili. Lakini angalizo: betri za bei chee zile za magadi hazifiki hata nusu ya saa hizo. Zinunuliwe alkalaini, na mashine iambiwe kwenye mipangilio ni betri za aina gani, maana inauliza.

Nitakuwa mkweli kwa wapinzani wangu. Ipo GPSMAP 67, nayo ya mwaka 2023, ina vitufe na betri yake ya ndani ya kuchaji, inasemwa hadi saa 180. Hiyo ni zaidi ya wiki. Ingekuwa kamati imeleta hiyo tungekaa tukajadiliana kama watu wazima. Lakini betri ya ndani ikichoka baada ya miaka kadhaa utaipeleka wapi? Duka la hapa senta linauza AA. Betri ya namna ile haliuzi, wala mwenye duka hajawahi kuiona.

Wapo vijana wanaosema, "Katibu, mbona simu zina GPS? Tuache kununua." Wanangu, ni kweli simu ina GPS, na ukiwa umeipakia ramani kabla itafanya kazi bila mtandao. Lakini nitajieni simu moja hapa kijijini inayofika asubuhi ya siku ya pili ikiwa imewashwa. Hizi mashine ukizizamisha majini mita moja kwa nusu saa zinatoka nzima, ilimradi kifuniko cha betri kimefungwa. Simu ya nani mtaijaribu hivyo? Na mwenye simu akipigiwa na mchumba wake saa ya kunyemelea je?

Na wapo wazee wangu, nawaheshimu sana, wanaosema babu zetu waliwinda bila mashine na hawakupotea. Shikamooni wazee. Ni kweli hawakupotea, na hata leo hakuna msasi wetu anayepotea. Pori hili wanalijua kuliko nyumba zao. Lakini babu zetu mpaka wao ulikuwa mto, kilima, au mninga wenye alama. Mpaka wa leo umeandikwa kwa namba, na hakimu anasoma namba. Mninga wenyewe wachoma mkaa walishaukata.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kwa fedha ya ile moja ya kioo tunapata mbili za vitufe, na inabaki ya betri za msimu. Ziwe mbili kwa sababu mashine moja ikisema uongo hakuna wa kuipinga. Kila kikosi kabla ya kutoka kipite kwenye bikoni ya kijiji, ile ya zege nyuma ya ghala, waziweke mashine juu yake, wasome namba, walinganishe na namba ya bikoni iliyoandikwa kwenye daftari. Zikitofautiana zaidi ya mita kumi, hakuna kutoka. Kazi hiyo ni dakika tano. Tungeifanya mwaka jana mwezi wa Mei, tungeona kwamba mashine inaisoma bikoni kwa msingi mmoja na ramani inaisema kwa msingi mwingine, tofauti mita 300, na tungejiuliza.

Daftari liwe la ushirika, likae ofisini. Kila alama ya mpaka iandikwe namba yake, na pembeni yake iandikwe msingi wake, Arc 1960 au WGS 84. Namba isiyo na msingi ifutwe. Iandikwe pia kanda. Nchi yetu imekatwa na kanda tatu, 35, 36 na 37, na sisi tupo 37. Kwenye kioo namba ya pili, ile ndefu ya tarakimu saba inayoanzia na 89 hapa kwetu, inapanda mita moja kila unaposogea mita moja kaskazini. Ukiijua hiyo pekee, tayari unajua kama unausogelea mpaka au unarudi nyumbani. Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Binti wa jirani yangu nilimwonyesha kwa kijiti mchangani, akaielewa kabla sijamaliza.

Na wafundishwe watu kumi, si mmoja. Wasasi wote watano, na wengine watano wa kujitolea, na katika hao wawe akina mama wawili. Naona mnacheka. Akina mama ndio wanaolala dunguni, ndio wanaoona nguruwe ametokea wapi na ameingilia wapi. Wakiweza kuweka alama ya nyayo alfajiri, wasasi hawatapoteza nusu siku kutafuta pa kuanzia. Yule mjane aliyevuna gunia moja ameshaniambia anataka nafasi. Darasa litakuwa jioni, jengo lile lile la watu wazima, na nitafundisha ninachokijua. Nisichokijua tutamwandikia barua yule mpima ardhi.

Masika ikianza, betri zitolewe. Mashine zikae ofisini kwenye kabati la mizani, funguo mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa kiongozi wa wasasi. Anayetaka kulala na kitu chini ya mto atafute kitu kingine.

Mkutano ni Ijumaa baada ya swala ya alasiri, uwanja wa ghala. Kamati ije na karatasi yake, na ije na majibu: betri ya namna gani, nani atashika, nani atafundisha. Mimi nitakuja na ramani ya karatasi na rula, nitaonyesha hizo mita 300 mbele ya kila mtu.

Ni mimi, Katibu wenu.

Nyongeza: Betri nne mpya za ushirika zilizobaki kwenye pakiti, hazionekani ofisini tangu mwezi uliopita. Kuna mtu redio yake inaimba vizuri sana siku hizi. Azirudishe kabla ya Ijumaa.